Kurekodi ngano za nyanya kwa simu: nianzie wapi?

mwana_kisauni
Wakuu, nyanya yangu hapa Mombasa ana hazina ya ngano, nyingine zina nyimbo ndani. Nina simu tu. Nataka zibaki kama anavyozitoa yeye, si muhtasari. Nijihadhari na nini?

sauti_safi
Tafuta programu inayohifadhi WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, kwa ubora wa kHz 48, biti 24. Kwa chaneli moja, saa nzima inakula takribani MB 520, kwa hiyo angalia nafasi kwanza. Weka hali ya ndege. Mtu akipiga katikati ya wimbo, kurekodi huweza kukatika. Usiilaze simu juu ya meza tupu, kila kikombe kikiguswa utasikia mgongano. Kunja leso uiweke simu juu yake, shubiri mbili hivi kutoka mdomoni, upande kidogo ili pumzi isipige kipaza sauti. Zima feni. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha. Na chumbani abaki yeye na wewe tu, kimya.

bi_paukwa
Vifaa sawa, ila hapo pa mwisho sikubali hata kidogo. Ngano haisimuliwi ukuta. Akisema "Paukwa!" pasiwe na wa kujibu "Pakawa!", atafupisha, na wimbo wenye kiitikio atakuelezea badala ya kuuimba. Ndipo watu wanapopata muhtasari wakadhani ndiyo ngano yenyewe. Ita watoto watatu au wanne wakae nyuma ya simu, wajibu, waitikie. Sauti zao si kelele, ni nusu ya ngano.

Usimkatize kuuliza neno. Liandike pembeni, uulize akishamaliza. Wala usizime mapema: subiri afunge, "kama njema ni yetu sote, kama mbaya ni yangu mimi", kisha acha simu iendelee dakika chache, maana hapo ndipo wazee hutaja walikoisikia. Baada ya wiki kadhaa mwombe ngano ileile tena. Ukizilinganisha utaona kipi hakibadiliki na kipi anakibuni papo hapo. Wengi hurekodi mara moja tu, na hasara yake ni kubwa.

mnukuzi
Ukiandika, usisanifishe. Akisema "mato" andika "mato". Ukiweka "macho" kwenye wimbo unaweza kuvunja kina. Dakika kumi za sauti zaweza kukuchukua saa nzima, nyimbo zaidi. Na sauti usiifute baada ya kuandika. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha ngano za Unguja mwaka 1870. Maneno tunayo, lakini walivyoziimba wale wasimulizi hatuwezi kusikia.

Faili asilia weka nakala tatu, moja nje ya nyumba. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, la sivyo sauti inabanwa.

mwana_kisauni
Shukran sana. Na zile asizotaka zitoke nje ya ukoo?

bi_paukwa
Mwulize kabla ya kila ngano, na jibu lake liwe ndani ya rekodi, pamoja na jina lake, mahali na tarehe. Akikataa isitoke, iweke folda ya peke yake na uandike neno "ukoo" kwenye jina la faili. Akifikiri upya baadaye, rekodi ruhusa mpya.