Naomba ushauri: nitawaonyeshaje wanafunzi jinsi hofu inavyozaa ukatili?

Wapenzi wa fasihi, ninafundisha katika shule ya upili mtaani Kayole, Nairobi, na kila Ijumaa jioni huketi na wanafunzi 12 tukisoma Lord of the Flies, riwaya ya William Golding ya mwaka 1954. Wengi wamekwisha kuamua kwamba wale wavulana waliokwama kisiwani walizaliwa waovu, na hapo mjadala hukatika.

Mimi naamini hofu ndiyo iliyowafikisha pale. Ilianza kwa jambo dogo mno, mtoto mwenye alama usoni aliyesema ameona mnyama kama nyoka. Wavulana wakubwa wakampuuza, lakini kadiri usiku ulivyopita ndivyo walivyomfuata mwenzao Jack aliyeahidi kuwinda, hata lile kombe la baharini lililompa kila mmoja aliyelishika zamu ya kusema likapoteza heshima yake. Simon, mmoja wa wavulana hao, aliuawa na wenzake gizani, katikati ya ngoma na dhoruba, akiwaletea habari kwamba mnyama waliyemwogopa ni maiti ya mtu aliyeshuka kwa parachuti.

Tulipofika hapo, msichana mmoja aliweka kidole kwenye mstari ule, akakataa kufungua ukurasa uliofuata, akaniuliza, "Mwalimu, kwani hawakumtambua?" Sikuwa na jibu la kumtosha, na swali hilo limenikaa moyoni.

Naomba mnielekeze: niwaongozeje waone hofu ikikua hatua kwa hatua, bila kuwafanya wadhani kwamba aliyeogopa hana hatia? Je, ipo hadithi fupi ya Kiswahili ninayoweza kuisoma nao sambamba na riwaya hii?