Bidhaa zangu zimezikwa ukurasa wa saba na hakuna anayenieleza kwa nini

Ndugu wauzaji, leo sinyamazi.

Nauza viatu vya shule vya watoto, vile vyeusi vya ngozi, hapa Kikuubo, Kampala. Mavuno yetu ni Januari, kabla shule hazijafunguliwa Februari. Mwaka jana mtu akitafuta viatu vya shule kwenye ile programu ya simu tunayouzia bidhaa mtandaoni, mimi nilikuwa wa tatu. Oda zilinikosesha hata nafasi ya kula. Mwaka huu mzigo ulichelewa, nikaishiwa namba 34 na 35 kwa siku nne. Siku nne tu! Mzigo ulipofika, oda zikawa zimekatika.

Sikuelewa, maana kwenye simu yangu bado nilikuwa juu. Kumbe programu inanijua, inanionyesha vya kwangu! Nikampigia dada yangu Arua atafute kwa simu yake. Akashuka, akashuka, mpaka bando likamwishia (na bando lenyewe tunalikatwa kodi ya asilimia 12 tangu 2021). Alinikuta ukurasa wa saba, chini ya mtu anayeuza kwa picha yangu. Picha ileile, na kidole gumba changu chenye plasta kinaonekana pembeni!

Nani anafika ukurasa wa saba? Asiyeonekana habonyezwi, asiyebonyezwa hauzi, na asiyeuza anashushwa tena.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Mfumo ndio unaopanga." Jioni ileile ukaja ujumbe mwingine: lipia tangazo ili upande juu. Yaani kamisheni mnakata kwenye kila jozi, halafu na kuonekana ninunue? Nililipa 60,000 kwa wiki. Nikauza jozi nne, faida yote ikaenda na tangazo. Nilipoacha kulipa, nikarudi shimoni.

Ulaya, tangu Julai 2020, sheria inayalazimisha masoko ya mtandaoni kuwaeleza wauzaji vigezo vikuu vya kupanga matokeo. Sisi tunafichwa nini? Kama kuishiwa mzigo ni kosa, semeni. Ningejua, ningeagiza Novemba.

Jozi 110 zimekaa kwenye maboksi mbele yangu na shule zinafunguliwa Jumatatu. Aliyepatwa na haya aandike hapa chini: unauza nini, ulishuka lini, ulijibiwaje. Nataka tuwapelekee wenye programu yote kwa pamoja, maana mmoja mmoja wanatujibu kwa mstari mmoja.