Paths of Glory: hivi Kanali Dax alizembea kwenye ile kesi au mimi ndo sijaelewa?

mkesha_wa_muvi:
Wadau salama? Jana nimeimaliza hii muvi ya Stanley Kubrick ya 1957, ile nyeusi na nyeupe, Kirk Douglas anacheza kanali wa jeshi la Ufaransa kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Kikosi kinaamriwa kuteka ngome ya Wajerumani inaitwa Ant Hill, jenerali Mireau anajua kabisa watu watakufa kama kumbikumbi ila kashanusishwa cheo, shambulizi linabuma, wengine hata handakini hawakutoka maana risasi zilikuwa zinanyesha, basi kakasirika, anataka watu wauawe kwa uoga. Anaanza na mia! Wanashushana bei utadhani wapo mnadani mpaka wanakubaliana watatu. Sasa Dax kabla ya vita alikuwa wakili wa jinai mwenye jina, imekuwaje ashindwe kumwokoa hata mmoja? Mi naona alitumia hasira kuliko akili.

Bi_Senema:
Mwanangu rudia kile kipande cha mahakama, polepole. Mashtaka hayakusomwa, karani wa kuandika mwenendo wa kesi hakuna, upande wa mashtaka haujaleta shahidi hata wa dawa. Dax akitaka kueleza Arnaud, mmoja wa wale watatu, alivyowahi kusifiwa kwa ushujaa anaambiwa hayo ya zamani hayahusiki. Hapo wakili gani anashinda?

fundi_saa:
Kilichoniuma mimi ni walivyochaguliwa. Arnaud kapigiwa kura tu, jina likamdondokea. Ferol eti hafai kwenye jamii. Na yule wa tatu, koplo Paris, ndo kabisa, luteni wake Roget alilewa doria ya usiku akarusha bomu la mkono likamuua askari wake mwenyewe, Paris anajua, kwahiyo luteni akapata pa kuzikia siri. Nimeshawahi kufanya kazi sehemu hesabu zilipotea wakafukuzwa wafagizi, we acha tu.

mkesha_wa_muvi:
Sawa Bi Senema nimekuelewa, ila Dax si alikuwa na ushahidi kwamba Mireau aliagiza mizinga ipige askari wao wenyewe, na yule kapteni akagoma mpaka apewe amri kwa maandishi? Kwa nini hakuutoa mapema?

Bi_Senema:
Aliutoa! Usiku ule wa kuamkia kunyongwa, samahani, kupigwa risasi, alimpelekea jenerali Broulard, bosi wa Mireau, maelezo ya mashahidi yenye sahihi, kamkuta kwenye dansi watu wanazunguka na magauni. Yule mzee akayachukua, watatu wakauawa asubuhi vilevile, Arnaud akiwa kwenye machela kichwa kimepasuka wanamfinya mashavu azinduke ili afe akiwa macho. Halafu ndo Broulard akayatumia kummaliza Mireau, na Dax akapewa ofa ya nafasi ya Mireau, maana mzee alidhani shida yote ile kijana anatafuta cheo. Akili yake haikuweza kuwaza sababu nyingine. Pale ndo muvi yenyewe ilipo, kesi ni geresha.

mpenda_historia:
Na sio stori ya kutunga yote. Machi 1915 huko Souain makoplo wanne wa Kifaransa walipigwa risasi iwe fundisho kwa wenzao baada ya kikosi kugoma kutoka handakini, mjane wa mmoja wao, Blanche Maupas, akahangaika na serikali miaka na miaka mpaka 1934 wakasafishwa majina. Waingereza nao walikuja kuwasamehe wa kwao zaidi ya 300 waliopigwa risasi vilevile, mwaka 2006, watu washaoza. Muvi yenyewe ilipigwa Ujerumani, Ufaransa ikaja kuonyeshwa 1975. Vita hiyohiyo ndo ilituachia jina la Kariakoo, kutoka Carrier Corps, wapagazi wetu waliokufa kwa njaa na magonjwa na hakuna hata aliyewaundia mahakama ya uongo.

fundi_saa:
Kuna mtu ameelewa ule wimbo wa mwisho? Binti wa Kijerumani analetwa baa wanajeshi wanampigia miluzi, akianza kuimba wote kimya, wengine machozi.

Bi_Senema:
Huyo binti ndo baadae aliolewa na Kubrick mwenyewe. Wimbo wa Kijerumani, hawaelewi neno, wanaufuata kwa kuguna tu. Na Dax nje anaambiwa kikosi kirudi mstari wa mbele, anasema waache dakika chache kwanza.

mkesha_wa_muvi:
Aisee hiyo ya mwisho nilikuwa nimeshaizima nikidhani imeisha, ngoja nirudi.