Mtoto wa miaka 2 na miezi 4 haruki kwa miguu miwili: michezo gani inafaa ndani ya nyumba?

MleziMakini
Habari wadau. Naomba mawazo ya wanaojua makuzi ya watoto. Mtoto ana miaka 2 na miezi 4. Anakimbia, anapanda kochi na kushuka mwenyewe. Shida ni kuruka: anachuchumaa, anajinyanyua kwa nguvu, lakini nyayo haziachi sakafu, au unatoka mguu mmoja na mwingine unafuata. Akirushiwa mpira anafumba macho, unampiga kifuani ndipo anafungua mikono. Nje hakuna pa kuchezea. Tuna sebule ya mita 3 kwa 4 yenye vigae, mito, godoro jembamba, stuli na mpira wa plastiki. Mdogo wake ana miezi 8, muda mwingi yuko kwenye woka (kigari cha magurudumu cha kumsimamisha mtoto). Nianze na nini, na kwa dakika ngapi?

FizioWatoto
Hajachelewa. Kuruka kwa miguu miwili pamoja ni jambo tunalolitazamia mtoto akikaribia miezi 30, naye ana 28. Mtoto anayekimbia na kupanda kochi, nguvu ya miguu anayo. Anachokosa ni kukunja magoti yote mawili kwa wakati mmoja, na kuthubutu kuachia ardhi.

Ndiyo maana usianze kwa kumfundisha kuruka juu. Mfundishe kutua kwanza. Kushuka ni rahisi kwa sababu uzito wake mwenyewe unamsaidia, na mtoto anayejua namna ya kutua haogopi kujirusha.

Tafuta kitu kigumu kisichoyumba, chenye kimo cha sentimita 10 hadi 15: kizingiti kipana au kipande cha mbao nene kilichosukumwa ukutani. Stuli ni ndefu mno kwa sasa. Mto pia haufai kurukia kutoka juu yake, maana unameza msukumo wa miguu, mtoto anasukuma na hapati kitu. Mbele yake tandika godoro. Juu ya vigae godoro jembamba huteleza, kwa hiyo weka mkeka wa mpira chini yake au libane kwa kochi upande wa pili.

Piga magoti mbele yake, umpe vidole vyako viwili avishike mwenyewe, mikono yenu ikiwa usawa wa kifua chake. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanamshika viganja na kumnyanyua juu. Mtoto akinyanyuliwa anakunja miguu na kuning'inia, hasukumi chochote, na ukimvuta ghafla mkono wake unaweza kuteguka kwenye kiwiko. Umri wa mwaka 1 hadi 4 jambo hilo hutokea kirahisi sana.

Siku za mwanzo atashuka kwa mguu mmoja. Mwache. Baadaye chora kwa chaki nyayo mbili zilizoungana pale anaposimama, na nyingine mbili kwenye kipande cha kitambaa unachokiweka juu ya godoro, sentimita 15 mbele. Kitambaa kishonee au kibandike, kisije kikamtelezesha. Hesabu moja, mbili, tatu. Kwenye "mbili" nyote mnakunja magoti. Usitoe maelezo marefu, kunja yako ayaone.

Kisha sikiliza. Kutua kwa kishindo cha visigino maana yake magoti yamekakamaa. Mwambie atue kimya kama paka. Maneno hayo mtoto anayaelewa kuliko "kunja magoti".

Akitua vizuri mara kadhaa bila kushika vidole, hamieni sakafuni kwa kuruka kichura: anachuchumaa, viganja chini, kisha anainuka kwa kasi kugusa kitambaa kilichoning'inizwa sentimita 5 juu ya ncha za vidole vyake akiwa amenyoosha mkono. Mikono ikienda juu kwa nguvu, miguu inafuata.

Miruko 5 hadi 8 kwa kipindi inatosha, mara 2 au 3 kwa siku. Miguu ikianza tena kuachana, amechoka. Badilisheni mchezo.

Mwl_Chekechea
Naongezea kuhusu mpira, maana kufumba macho si ukaidi. Mpira wa plastiki uliojaa upepo unakuja haraka na unauma, kwa hiyo uso wake unajikinga.

Mpe kwanza kitu kinachoanguka polepole. Kitambaa chepesi cha kichwani ukikirusha juu kinaelea, anapata muda wa kukiona na kunyoosha mikono. Puto nalo huenda polepole, lakini kwa nyumba yenye mtoto wa miezi 8 nasema hapana: likipasuka, vipande vyake ni hatari ya kumkaba.

Baadaye chukua mpira wa upana wa sentimita 20 hadi 25, upunguze upepo mpaka ubonyee kidogo. Kaeni chini mmetanua miguu, umbali wa mita 1, mnaviringishiana. Kisha simameni, uurushe kwa mkono unaotoka chini kwenda juu, ulenge kifua chake. Sema "mikono" kabla ya kurusha, siyo wakati mpira uko hewani. Umri huu ataukumbatia kwa mikono na kifua. Huko ndiko kudaka kwenyewe. Kudaka kwa viganja peke yake kunakuja baadaye, na hata wa miaka 4 bado anaukosa mara nyingine.

Kurusha hakusubiri kudaka. Soksi zilizoviringishwa na ndoo umbali wa mita 1 vinatosha. Akipata 3 kati ya 5, sogeza ndoo hatua moja nyuma.

Kwa mizani, bandika seloteipu ya karatasi mistari miwili iliyoachana sentimita 20, urefu wa sebule, apite katikati kama barabara. Baada ya siku kadhaa isogeze iwe 10. Akitazama miguu yake anayumba, hivyo weka mdoli juu ya kiti mwisho wa barabara, usawa wa macho yake.

Na njia ya vikwazo usiibadilishe yote kila siku. Chini ya meza, juu ya mito mitatu, kuzunguka stuli: iache hivyo hivyo siku tatu nne, ubadili kitu kimoja tu. Mtoto hujifunza kwa kurudia kitu anachokijua.

FizioWatoto
Sasa huyo wa miezi 8, ambaye kwa kweli ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Woka haimfundishi kutembea. Anasukuma kwa vidole vya miguu, kiuno kimeshikiliwa, hajifunzi kuanguka wala kujizuia, na muda huo wote hatambai. Juu ya hapo inampeleka kasi kwenye ngazi na jiko. Kanada ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka 5 asifungwe kwenye kiti au kigari zaidi ya saa 1 kwa mfululizo. Mkubwa wake anahitaji dakika 180 za kujongea kwa siku, zikiwa zimegawanyika.

Mweke mdogo sakafuni kwenye mkeka. Akiwa amekaa, weka kitu anachokipenda ubavuni, sentimita chache kupita anapofikia, ili ajipinde na kuegemea kiganja. Kutoka hapo ndipo mtoto huingia kwenye mikono na magoti. Nyoosha mguu wako mbele yake uwe mlima wa kuvuka. Ila zamu zao zitenganishe: mkubwa akiwa anaruka, mdogo awe nje ya eneo la kutua.

MleziMakini
Asanteni sana. Mawili ya mwisho: soksi avae kwenye vigae? Na nimegundua mguu wa kulia ndio hutangulia kila mara.

FizioWatoto
Peku. Soksi zinateleza, na vidole vinapaswa kushika sakafu.

Kutanguliza mguu mmoja akishuka ni kawaida. Mjaribu kwa kuweka kitu cha kuchezea upande wa kushoto na uone kama mguu huo unakubali kuongoza. Ukiwa unaburuzwa, una ukakamavu, au mkono wa upande huo nao hautumiki, nenda kliniki. Nenda pia ukiona anatembea kwa ncha za vidole muda wote, anainuka kutoka chini kwa kujisukuma mikono mapajani, au amepoteza kitu alichokuwa anakiweza. Hilo la mwisho usilisubirishe hata wiki. Na kama wiki 8 zitapita bila nyayo kuachana na sakafu, mpeleke akapimwe, ukiwa na video fupi ya anavyojaribu, iliyopigwa kwa ubavu ili magoti yaonekane.