Miwani ya rangi kwa mtoto anayeshindwa kusoma, inasaidia kweli?

MamaBusia: Habari zenu ndugu, naombeni ushauri. Kijana wangu yuko P5, darasa la tano la msingi, hapa Busia, Uganda, hesabu za kichwa anajua sana, lakini ukimpa kitabu ni shida, anaruka mistari, b anaiita d, anasema maneno yanacheza kisha anaanza kulia. Sasa kuna mtu Kampala ananiambia ati ni Irlen, eti shida ya kuona maandishi inayotulizwa na rangi, nimnunulie miwani ya rangi, na bei yake ni fizi ya temu nzima. Nitoe hiyo pesa ama?

baba_wa_jinja: Pole dada. Wa kwangu tulimpa plastiki ya njano anaweka juu ya ukurasa, anasema karatasi haimchomi tena macho na kichwa hakiumi. Lakini kusoma kwenyewe bado pole pole, nisikudanganye. Kata folda ya plastiki ya kuonyesha ndani ujaribu kwanza, miwani iache.

mwalimu_arua: Mama, mimi nafundisha watoto wenye mahitaji maalum. Hiyo mambo ya rangi ilianza miaka ya 1980 na Olive Meares, mwalimu wa New Zealand, halafu Helen Irlen, mwanasaikolojia wa Marekani, akaeneza lenzi zenyewe. Lakini 2009 madaktari wa watoto na wa macho huko huko Marekani walitoa tamko la pamoja kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa lenzi za rangi zinatibu shida ya kusoma. Disleksia, yaani shida ya kusoma hata kama mtoto ana akili, inakaa kwenye kuunganisha herufi na sauti, na hapo ndipo mtoto anasaidiwa, mafunzo ya sauti kidogo kidogo kila siku, silabi, arudie bila kuchapwa. Tafadhali asichapwe.

Kitu ingine, msomeshe kwa lugha ya nyumbani usikilize. P1 mpaka P3 wengi wanasoma kwa lugha ya kwao, P4 Kiingereza kinaingia na chenyewe kinaandikwa hivi kinatamkwa vile. Akikwama kote kote, hiyo ndiyo ya kufuatilia.

MamaBusia: Asante sana mwalimu. Hata Lusamia, lugha yetu ya nyumbani, anakwama. Na macho je?

mwalimu_arua: Macho ndiyo ya kwanza kabisa! Asiyeona vizuri vitu vya karibu pia anaruka mistari na kuumwa kichwa. Mpeleke kliniki ya macho ya hospitali, huko Kampala Mulago wanayo, Mengo pia, apimwe na daktari, si na muuza miwani.

nubi_bombo: Na PLE, mtihani wa kumaliza msingi, usingoje mpaka P7 ikaribie. UNEB, baraza la mitihani, wanawapa watoto wenye mahitaji maalum dakika 45 za ziada, ila shule ndiyo inamwombea wakati wa kusajili, so karatasi za daktari ziwe tayari.

MamaBusia: Hedimasta hajaniambia hata siku moja! Jumatatu niko ofisini kwake. Miwani nimeacha, folda ya njano nitanunua leo leo.

baba_wa_jinja: Chukua na ya bluu, achague mwenyewe. Wa kwangu ya bluu aliikataa kabisa.