Ulinzi shirikishi kijijini kwetu: hela tunatoa, maksai wameibiwa, waliokamatwa ni waliotoka kuangalia mpira

Wakuu habari za muda huu, samahanini uzi mrefu kidogo ila nimekereka.

Niko kijijini huku mkoa wa Shinyanga, jina la kijiji sitaji maana wenyewe wamo humu. Kila kaya inatoa elfu mbili kwa mwezi ya ulinzi, ukichelewa wanabeba kuku. Risiti hamna, kuna kaunta buku limechakaa, mwenyekiti wa kitongoji anakuandika kwa penseli. Penseli jamani!

Sasa Jumanne saa nane usiku wamefungua zizi la mama wakaondoka na maksai wawili, ndo jembe letu hilo na mvua ndo hizi zinaanza. Mama kapiga yowe mpaka sauti ikakauka, waliotoka ni majirani watatu na mzee mmoja anamulika kwa simu. Doria yetu iko wapi? Iko senta, imewakalisha chini vijana wanne waliotoka kibanda umiza, kila mmoja elfu kumi ya uzururaji, na mmojawapo ni mdogo wangu, nimemtoa mimi kwa kutuma hela saa tisa usiku, meseji ya muamala inarudi jina la shemeji yake kamanda wa doria!

Asubuhi tumefuata kwato mpaka mtoni zikapotelea hapo. Kituoni tunaambiwa gari halina mafuta, tukachanga elfu thelathini, gari likafika saa kumi jioni, wakapiga picha zizi tupu wakaondoka. Mpaka leo upelelezi unaendelea.

Babu yangu alikuwa sungusungu, wale walinzi wa jadi wa kijiji, miaka ya 80, na ni huku huku Shinyanga na Tabora ilikoanzia, watu walichoshwa na wezi wa ng'ombe. Anasema mwano, yaani yowe la kuitana, ukipigwa kijiji kizima kinatoka, kijiji cha pili kinapokea, na aliyepigwa faini ni yule aliyebaki kitandani. Sisemi walikuwa malaika, viboko walitembeza na kuna vikongwe waliteswa kwa kuitwa wachawi, babu akifika hapo anabadilisha stori. Ila ng'ombe walikuwa wanarudi.

Na msiniambie sheria inawaruhusu hawa wa doria ya sasa. Ya mwaka 1989 iliwapa sungusungu nguvu ya kukamata, KUKAMATA ndugu zangu, sio kuhukumu mtu pale pale barabarani na kupokea faini kwenye simu ya shemeji. Toka 2006 tunaimbiwa polisi jamii, polisi jamii, mimi jamii naiona ndo hii inachanga hela, polisi sijamuona.

Mkutano wa kijiji nao ukiulizia mapato na matumizi unajibiwa akidi haijatimia, miezi minane sasa. Lile kaunta buku nimelipiga picha kurasa zote, mwenye kujua pa kuzipeleka nje ya ofisi ya kata aje PM, maana pale mtendaji na kamanda wanakula sahani moja.

Jana wamepita tena kukusanya. Mama kawapa elfu mbili yao.