Kijito chetu Njoro kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, nianze na nani?

Mkulima_Mdogo: Wadau hamjambo. Nina ekari moja na nusu chini ya mji wa Njoro. Kijito kinapita mpakani mwangu, kisha kinaingia Mto Njoro. Siku hizi mvua ya nusu saa tu inakitia matope hadi siku ya tatu. Kiangazi nacho kinanuka. Jirani wa juu analima viazi mpaka ukingoni, nilipomwambia alinicheka. Nimpeleke kwa chifu? Tuna mtoto wa miezi minne.

Mama_Kuku: Mtoto kwanza. Kuchemsha kunaua vijidudu ila nitrati ya mbolea haitoki, na maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Mchanganyie maziwa ya unga kwa maji mengine kabisa.

Rift254: Ni Msitu wa Mau huo, unakoanzia Mto Njoro. 2001 serikali ilitenga zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki zitolewe msituni, watu wakalima. Mnatarajia nini huku chini, na hatimaye Ziwa Nakuru?

Fundi_Mifereji: Kwa mto mkubwa uko sahihi. Lakini kijito chake kinaanzia wapi? Mkulima, kabla ya chifu tembea. Chota chupa moja juu ya viazi, moja chini yake, moja kwako. Fanya hivyo mvua ikitoka kunyesha, kisha urudie baada ya wiki kavu. Geuza na mawe: ukiona vidudu vyenye mikia mitatu, hapo maji bado ni mazuri. Ukikuta minyoo myekundu tu kwenye tope, shida ipo. Na usisahau mtaro wa barabara, mara nyingi ndio mwizi na shamba linasingiziwa.

Nyasi_Nepia: Swali la uchokozi: ng'ombe wako wanywa wapi?

Mkulima_Mdogo: Hapo hapo. Wako wanne. Na vijana wa bodaboda huosha pikipiki pale kivukoni.

Nyasi_Nepia: Basi harufu ya kiangazi usimbebeshe mtu wa viazi. Udongo wake husubiri mvua ndipo ushuke. Kinyesi huanguka majini kila siku, na kiangazi maji ni machache ya kukizimua. Weka birika la kunyweshea ng'ombe mbali na ukingo, uvute maji kwa mpira. Ukishahamisha ng'ombe, mrudie jirani ukiwa na miche ya nepia, nyasi ya mifugo, aipande ukingoni izuie udongo. Sheria ya maji inataka mita 6 hadi 30 zisilimwe kila upande, kulingana na upana wa mto. Omba hizo 6 tu. Mikaratusi usipande, itakunywea kijito.

Mkulima_Mdogo: Nimerudi. Jana ilinyesha. Chupa ya juu ya viazi ni safi, ya chini yake ni uji, yangu ni uji na inanuka. Jirani nimemwonyesha zote tatu, hakucheka. Ameuliza nepia inauzwa wapi. Birika la lita 500 ni bei gani Nakuru mjini?

Fundi_Mifereji: Tafuta pipa kuukuu, lipasue kwa urefu. Ng'ombe hawajali.